Munkoyo Inakatala

Nilisoma miaka mitatu tu kwa mapadri, na nusu ya mwaka wa tatu nilikuwa nalima mihogo yao. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanisahihisha. Ninachojua nimekijua kwa mikono. Nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe, watoto saba nimewasomesha mwenyewe, na mashine ya kusaga iliyoko nyuma ya nyumba niliiokota ikiwa kutu tupu, nikaifufua. Jambo ninaloandika hapa ni lile moja ambalo mikono yangu ilinipotosha. Nimelizungusha kichwani maisha yangu yote, na mpaka leo kuna pembe yake ambayo siioni.

Wakati ule wa Wabelgiji nilikuwa ajustere katika atelye, karakana ya mgodi, hapa Kolwezi. Kazi ya ajustere ni tupa. Unapunguza chuma hapa, unapunguza pale, mpaka kipande kimoja kinakaa ndani ya kingine bila kucheza. Mzungu wetu alikuwa anapitisha ukucha kwenye kiungo. Ukucha ukikwama, unarudia kazi. Kwangu haukukwama mara nyingi, na yeye mwenyewe alikuwa anajua hivyo.

Mimi ni mtu wa Kasai. Mke wangu alikuwa mtu wa huku huku, wa vijiji vya kusini, na kwao wanakunywa munkoyo. Kwa asiyeijua: unapika uji wa mahindi, mzito, mwiko unasimama ndani yake. Unauacha upoe kiasi. Halafu unatia mizizi ya mti wa munkoyo iliyopondwa, unakoroga. Muda mfupi tu, mwiko unaanguka. Uji umekuwa maji, na umekuwa mtamu, wala hakuna aliyetia maji wala sukari. Unauacha mpaka kesho uchachuke kidogo, ndipo unakunywa. Mara ya kwanza kuiona nilizunguka nyuma ya nyungu kutafuta mtu aliyemwaga maji ndani. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Tulipohamia Dilala, kambi ya wafanyakazi wa mgodi, nyungu yake ya udongo, aliyopewa na mama yake, ilipasuka juu ya lori. Alilia kama amefiwa. Nikamwambia anyamaze, nitamtengenezea kitu ambacho hakijaonekana katika kambi ile. Nikatengeneza. Nilichukua vipande viwili vya bomba, kikubwa na kidogo, nikaingiza kimoja ndani ya kingine, nikapigilia majivu makavu katikati, nikaunganisha chini kwa sahani moja nene ya chuma. Sufuria ya ngozi mbili. Ukipika uji saa nne asubuhi, unatoka kazini saa tisa na bado unakuta wa moto. Majirani walikuja kuitazama. Niliwaambia waguse ubavu wake wakati uji unachemka ndani, wakagusa, wakashangaa, maana haukuunguza. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Munkoyo ya kwanza katika sufuria ile ilikataa. Mizizi iliingia, mke wangu akakoroga, uji ukabaki uji. Kesho yake ulikuwa uji uliooza. Tukasema mizizi ni mibaya. Akaenda Manika sokoni, akapata mizizi mingine, ikakataa tena. Ya tatu, mizizi ililetwa na mama yake mdogo kutoka kijijini, imechimbwa jana yake, bado ina udongo. Ikakataa.

Sasa, pale kambini maji tulikuwa tunachota kwenye robine moja, bomba la njia nzima, na kwenye robine hakuna siri. Wanawake wa huku walikuwa na neno lao, walikuwa wanasema, "Munkoyo inakatala kama mukono ya mwenye kukoroga ilishikaka mwanaume mungine." Mke wangu mwenyewe aliwahi kuniambia neno hilo zamani, kwa mchezo tu. Lakini shangazi yangu alilisikia pale robine, na yeye hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa mjane, tulikuwa tumekuja naye kutoka Kasai, alikaa milango mitatu kutoka kwetu. Na kwetu Kasai jambo hili ni zito. Mwanamke akiteleza, lazima aseme jina la mwanaume mbele ya wazee kabla hajazaa. Akificha, uzazi unamuua, yeye na mtoto. Ndivyo tulivyolelewa. Na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, miezi saba.

Shangazi alikuja akakaa kwenye kizingiti changu.

"Ya kwanza nilinyamaza," akasema. "Ya pili nilinyamaza. Sasa ni ya tatu. Aseme jina, ao tutazika batu babili."

Nilimwambia aende. Alienda, lakini maneno yake yalibaki. Jioni ile nilimuuliza mke wangu. Sikumpiga, sikupandisha sauti. Nilimuuliza kama ninavyoiuliza mashine iliyosimama: shida iko wapi.

"Jina gani?" akasema. "Nitoe jina wapi? Mi nakoroga uji, sikoroge wanaume."

"Basi juu ya nini inakatala?"

"Siyui. Mama yangu aliifanya maisha yake yote, haikumukatala hata siku moja."

"Mama yako hakukaa mu kambi yenye kujaa wanaume."

Alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi, na Wazungu wenye hasira, na askari. Hakuna aliyenitazama vile. Hakusema neno tena, na mimi nilichukua kunyamaza kwake kuwa jibu. Siku ya pili yake nilienda kwa mkubwa wa kambi, nikaomba karatasi ya ruhusa, nikasema mke wangu anaenda kumsalimia kaka yake anayefanya kazi kwenye bwawa la Nzilo. Nikampandisha kwenye lori. Kichwani nilijua: asiposema jina, harudi, na mtoto si wangu. Moyoni sikujua kitu. Nilikuwa kama mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jumamosi, baada ya kazi, jirani yangu alikuja kuomba nimtengenezee mnyororo wa baiskeli. Huyu alikuwa Mprotestanti wa kaskazini, tulikuwa tunamwita Pasta kwa kumtania. Hakunywa pombe, lakini alikuwa amefanya miaka minne katika kiwanda cha bia kule Élisabethville, anaosha chupa za laboratwari. Sasa alikuwa kwenye laboratwari ya mgodi, anaosha chupa nyingine.

"Mama iko wapi?"

"Nzilo. Kwa yaya yake," nikasema, maana huku kaka ni yaya.

"Na ile tumbo? Juu ya lori?"

Nilimwambia yote. Sijui kwa nini, sikuwa mtu wa kusema mambo ya nyumbani. Nilidhani atatoa Biblia. Badala yake akauliza swali ambalo niliona ni la kijinga.

"Ile mizizi, iliingiaka mu uji ikiwa na moto namna gani?"

"Moto ya kawaida. Anapimaka."

"Anapima na nini?"

"Anatia mukono ku tumbo ya sufuria, anasali Baba Yetu. Akifika Amina na mukono haijaungua, anatia mizizi. Njo vile mama yake alimufundisha."

"Bakatoliki!"

"Ungetaka asali sala ya kwenu ile ndefu? Uji ingeoza mbele ya Amina."

Akacheka, akasema, "Tupike."

Basi wanaume wawili tukawasha mbabula, jiko la makaa, uani, tukapika uji. Wanawake waliopita na ndoo walisimama kwenye uzio. Mmoja akaita wenzake: "Mukuye muone! Fundi alipata muke mupya, njo huyu Pasta!" Nikavumilia. Uji ulipoiva tukautoa motoni, tukafunika, tukangoja kidogo. Nikaweka kiganja kwenye ubavu wa sufuria. Ulikuwa vuguvugu kama ubavu wa mbuzi. Nikasali Baba Yetu, nikafika Amina, nikasali tena mara ya pili kwa uhakika.

"Tia mizizi," nikasema.

Pasta hakutia mizizi. Alifunua, akaingiza kidole.

Neno alilolitoa silisemi hapa, Waprotestanti hawaruhusiwi kulijua. Alirukaruka, kidole mdomoni, halafu akarudi kwenye sufuria, akaigonga ubavuni, akasikiliza.

"Nani alitengeneza hii kintu?"

"Mi."

"Ngozi ngapi?"

"Mbili," nikasema, na niliona fahari. Hata wakati ule niliona fahari.

"Na katikati?"

"Majivu."

"Fundi," akasema, "muke yako alisali mupaka Amina ku inje, na mu ndani ilikuwa jehanamu. Mizizi ilikufa. Mara tatu uliiua."

Alisema "uliiua". Mimi. Neno lile liliingia taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye buti, unasikia baridi kabla hujajua inatoka wapi.

Lakini mimi sikubali kitu kwa sababu tu mtu amekisema. Nilimwambia, mizizi haifi kwenye uji, imeshachimbwa, imeshakufa. Akasema ndani ya mizizi kuna kitu, Mzungu wake wa bia alikuwa anakiita diastazi. Hicho ndicho kinachokata uji. Uji ni kama shanga nyingi za sukari zilizoshikana mnyororo mrefu, ndiyo maana ni mzito. Diastazi ina umbo lake, ina pengo, mnyororo unakaa kwenye lile pengo sawasawa, unakatwa. Zikikatika, uji unakuwa mwepesi na unakuwa mtamu.

"Ni sawa na ufunguo na kufuli," akasema.

"Hapana," nikasema. "Kufuli naifungua na musumari."

Akakuna kichwa. Hakuwa na mfano mwingine, huo ndio aliopewa na Mzungu wake.

Akaenda kuazima nyungu ya udongo kwa jirani. Tukahamishia uji humo, tukangoja, nikaweka mkono, nikasali, akaingiza kidole kingine kwa woga, akaitikia kwa kichwa kwamba sasa ni sawa. Akatia mizizi. Ile ile, iliyokuwa imening'inia jikoni kwangu, iliyobaki ya mara ya tatu. Nikakoroga mwenyewe. Nilisikia mwiko unakuwa mwepesi mkononi mwangu kabla macho hayajaona. Kisha uji ukashuka, ukalegea wote, ukawa maji. Nikaonja. Mtamu. Na mimi ndiye niliyekoroga, mimi ambaye katika miezi mitatu ya kwanza ya ndoa yangu nilikuwa na mambo yangu Manika ambayo hakuna shangazi aliyeniuliza.

Sikuwa na furaha. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimesimama na mwiko, nimechanganyikiwa kuliko kabla.

"Tia ku karanga," nikasema.

"Nini?"

"Kama inakata, ikate na karanga."

Tulikuwa na karanga zilizosagwa, nzito kama lami. Tukachanganya na maji ya vuguvugu, tukatia mizizi, tukakaa. Pasta alimaliza mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe tukiwa tunangoja. Karanga zilibaki vile vile. Akasema diastazi haijui karanga, umbo lake si la karanga, karanga hazikai kwenye pengo lake. Halafu akasema jambo lililonivuruga kabisa. Alisema hata mbao, hata maranda ya seremala, Mzungu wa bia aliapa kwamba nayo ni shanga za sukari. Zile zile za uji.

"Basi mizizi ikate maranda."

"Haikate. Ni shanga moja, lakini zilishikana namna ingine. Zinageuka upande ingine."

Hapo ndipo nilikamata kitu, na nilikikamata kwa mkono wangu, si kwa maneno yake. Katika atelye kulikuwa na mashine moja ambayo buloni zake, zile bolti, zilikatwa hesi ya kushoto. Ukichukua ekru, yaani nati, ya kawaida, kipimo kile kile, chuma kile kile, hata imetoka katika sanduku moja, haiingii. Unaweza kuikaza mpaka machozi yatoke. Chuma si kibaya, ekru si mbaya. Mistari yake inazunguka upande mwingine, basi. Nikamwambia Pasta. Akasema huo mfano angempelekea Mzungu wake kama angekuwa bado kule.

"Na moto?" nikauliza. "Moto inaifanya nini?"

"Inakunja mistari yake. Ekru inabaki chuma, lakini haina tena mistari."

"Chuma inataka moto mwekundu juu ya kujikunja. Ile ilikuwa uji."

"Hii kintu ni ndogo sana, Fundi. Moto ya uji inaitosha."

"Uliiona?"

"Sikuiona."

"Mzungu yako aliiona?"

"Naye hakuiona. Alisema njo vile."

Miaka imepita, na bado sehemu hiyo inanisumbua. Mzizi uliokufa na mzizi ulio hai niliiweka kiganja hiki na kiganja hiki. Rangi moja, harufu karibu moja. Ukucha wa Mzungu wetu haungepata tofauti. Na mwanamke aliyefukuzwa bure, na yule anayestahili kufukuzwa, nao niliwapima kwa nje.

Jumapili asubuhi nilipanda baiskeli kwenda Nzilo. Shemeji yangu alinikuta kwenye ua wake nimejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Kiti iko, shemeji," akasema, "lakini haiko yako."

Nikaeleza nikiwa nimesimama. Nilieleza sufuria, majivu, Baba Yetu, kidole cha Pasta, karanga, ekru ya kushoto. Nilivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Mwishowe akasema, "Mi nachanganya saruji, sijue hayo. Unasema dada yangu hana kosa?"

"Hana kosa."

"Kosa ni ya nani?"

"Ya sufuria."

"Sufuria ilijitengeneza?"

"Yangu," nikasema.

Sauti ya mke wangu ikatoka ndani, nyuma ya pazia la mlango. Hakuzungumza nami. Alizungumza na kaka yake.

"Yaya, mumuulize. Kama Pasta hakuungua kidole, angekuya?"

Kaka yake akanigeukia, kana kwamba sikusikia. "Anauliza, kama Pasta hakuungua kidole, ungekuya?"

Nilijua jibu linalotakiwa. Mtoto mdogo angelijua. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, nikakuta ndani yangu hakuna ndiyo. Wala hapana haikuwapo. Nilitafuta kwa haki kabisa, kama unavyotafuta kipande kilichoanguka chini ya mashine, na sikupata.

"Siyui," nikasema.

Shemeji yangu aliangalia pembeni, aliona haya kwa ajili yangu. Pazia likasogea. Mke wangu akatoka, tumbo mbele, kifurushi kichwani tayari.

"Angesema ndiyo," alimwambia kaka yake, "ningebaki hapa mupaka nizae."

Sikuelewa. Nilimuuliza mara nyingi baadaye kwa nini neno lile, neno la mtu asiyejua, ndilo lililomtoa ndani. Alikuwa anasema, "Usipoona, usiulize."

Tulirudi na lori la saruji, yeye mbele na dereva, mimi nyuma nimeshika baiskeli. Tulipofika Dilala jua lilikuwa bado halijatua, na wanawake walikuwa wamejaa robine. Mke wangu hakwenda nyumbani. Alienda moja kwa moja kwenye robine, akatua kifurushi, akaazima ndoo tupu ya jirani, akapanga mstari. Kisha akaniambia, neno la kwanza tangu Nzilo:

"Semea hapa."

Nilisema. Mbele ya wanawake wote wa njia ile, mimi, ajustere wa daraja la kwanza, nilisema munkoyo ilikataa kwa sababu ya sufuria yangu, kwamba mizizi ina umbo, kwamba moto unavunja umbo, kwamba inakata uji na haikati karanga. Nilipofika kwenye ekru ya kushoto walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko. "Fundi!" mmoja akapiga kelele. "Basi we njo ulilala na sufuria!"

Shangazi yangu alikuwepo na beseni lake. Yeye hakucheka. Kule Kasai alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyefukuzwa akiwa na mimba kwa sababu ya ishara nyingine, sikumbuki ishara gani, na hakurudi. Shangazi alikuwa mmoja wa waliomtaka aseme jina.

"Na yule ndugu yangu?" aliniuliza polepole. "Naye ilikuwa sufuria?"

Maji yalisikika yakianguka ndani ya ndoo ya mke wangu. Ikajaa. Akafunga robine, akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Wanaume wa kambi ile hawakuwa wanabeba maji.

Niliinama nikaiweka kichwani. Ilinimwagikia shingoni mpaka mlangoni, na yeye alitembea nyuma yangu.